Bi Pasi na Bei ya Mchana

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia. Mtaa mzima unamwita Bi Pasi, na yeye mwenyewe akimpigia simu mtu asiyemfahamu hujitambulisha hivyo hivyo, "Mimi Bi Pasi," kisha hunyamaza, kana kwamba mwenzake asipomjua hilo ni tatizo la mwenzake. Ni mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya mpiga ngumi na ulimi unaolingana na mikono hiyo. Ukimpelekea shati lenye kifungo kilicholegea atalinyoosha, atakikaza kifungo, na maneno utapewa bure.

Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na pasi ya mkaa nzito kama jiwe la msingi. Kwa miaka mingi alisimama kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha wazi, moshi ukimfuata kila alikogeukia. Cheche moja ikirukia shati jeupe la mtu, faida ya siku hiyo ndiyo imekwenda. Kila jioni kifua kilimbana. Mumewe, dereva mstaafu ambaye sasa kazi yake kubwa ni kusikiliza redio na kuibishia, alimsihi mara nyingi aache, naye alimjibu kwamba ataacha siku redio itakapoanza kuwalisha.

Lakini kilichomuuma hasa si kifua. Kilichomuuma ni binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyejifunza kupiga pasi akiwa amesimama juu ya kigoda na ambaye mkono wake ulikuja kuwa mwepesi kuliko wa mama. Pasi moja ya mkaa haikuweza kulisha watu wazima watatu. Binti akaenda mji mwingine kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja mwenye uwezo, akawa ananyoosha mashuka ya watu katika nyumba ya watu. Kila walipomaliza kuongea kwa simu Bi Pasi alifuta macho na kulaumu moshi, hata siku ambazo mkaa ulikuwa haujawashwa. Mumewe aliliona hilo na kujitia hamnazo, na katika hilo alifanya vizuri.

Wakati huo umeme ulikuwepo, ila kwao haukuwepo. Shirika la taifa lilileta nguzo mpaka barabara kuu likachokea hapo. Bei yake ilipangwa na serikali, moja kwa nchi nzima, nafuu kabisa, na kila aliyepanda jukwaani kuomba kura aliitaja. Bi Pasi alikuwa akisema bei hiyo haina kasoro, ila tu huwezi kunyoosha shati kwa bei ya umeme usiokufikia.

Ndipo sheria ikalegezwa. Kampuni ndogo zikaruhusiwa kuzalisha umeme na kuuuza mahali ambako Shirika halikufika, kwa bei watakayoelewana na wateja wao, mradi Mamlaka ya kusimamia umeme iridhie. Kampuni moja ikaja mtaani, ikapanga paneli za jua nyuma ya uwanja wa mpira, ikajenga banda la mitambo na kuvuta nyaya. Kila nyumba ikafungiwa mita yenye taa ndogo. Taa ikiwa ya kijani, jua limekolea na umeme ni rahisi. Ikiwa njano, asubuhi na alasiri, bei ya kawaida. Nyekundu ni baada ya jua kuzama, umeme unatoka kwenye betri, na bei yake inakufanya umalizie chakula gizani.

Mpango huo ulihitaji kura ya wateja, na mkutano ulipoitishwa watu walikuja wamefura. "Bei gani hii ya kubadilika mara tatu kwa siku?" aliuliza Mzee Unga. "Sukari ina bei ya asubuhi na bei ya jioni?" Huyu ndiye mwenye mashine ya kusaga nafaka, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Pasi, bwana mrefu ambaye hujawahi kumwona akiwa na nyusi za rangi yake mwenyewe. Yeye na Bi Pasi walikuwa hawasalimiani tangu unga wake ulipopeperuka ukatua juu ya suti nyeusi ya bwana harusi, saa ya kuja kuchukuliwa.

Labda ni kwa sababu Mzee Unga alipinga ndiyo maana Bi Pasi akasimama kuunga mkono. Alisema, "Mimi kazi yangu ya mchana. Huo umeme wa usiku wenye bei kali nauhitaji wa nini? Wa kumtazama huyu bwana?" Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. Mkutano ukavunjika mbavu, mikono ikanyooshwa, bei tatu zikapita.

Akanunua pasi ya umeme, na baadaye ya pili. Siku aliyonunua ya pili alimpigia binti yake simu na kusema neno moja tu, "Rudi." Binti akarudi. Nyaya za kile chumba cha mbele zilikuwa nyembamba, pasi mbili zikiwashwa pamoja fyuzi ya nyumba iliruka, kwa hiyo wakajizoesha kupokezana. Mmoja akinyoosha suruali nzito kwa pasi yenye moto, mwenzake amechomoa yake na anamalizia vitambaa laini kwa joto lililobaki, au ananyunyiza maji na kukunja. Hawakuambiana zamu. Mama alinyoosha mkono kwenye soketi, binti akampisha. Bi Pasi alikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha, akaanza kuimba kazini, na sauti yake, Mungu amsamehe, si ya kuimba.

Sasa, mtu mwenye furaha ana tabia ya kutoa ushauri. Bi Pasi alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kusubiri kijani. Kazi zote nzito, aliwaambia, zisubiri kijani, mtaona matumizi yanavyoshuka. Wakamsikiliza. "Kijani?" ikawa ndiyo salamu ya mtaa, na jibu lake, "Bado kidogo." Wenye friji wakazizima asubuhi wakisubiri. Wateja wa kusaga wakaketi juu ya magunia yao wakisubiri. Siku moja taa zikageuka kijani, na kwa pumzi ile ile mashine ya Mzee Unga ikanguruma, Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, akashusha kinyago chake, msumeno wa seremala ukalia, friji zikaamka, pasi ikawashwa. Swichi kuu kule bandani ikajikata, mtaa ukanyamaza.

Fundi wa kampuni, bwana mwenye kitambi na subira, alirudisha umeme. Ukakatika tena kesho yake. Hapo Bi Pasi akatoa ushauri wa pili, na huo ndio uliowaponza. "Ukikatika msizime kitu," alisema mlango kwa mlango. "Acheni swichi zenu kama zilivyo. Ukizima, umeme ukirudi jirani yako anakuwahi." Neno likawaingia, maana hakuna aliyetaka kuwahiwa. Tangu siku hiyo kila fundi aliporudisha umeme alikuta mtaa mzima umeachama unausubiri, na ukameza wote kwa mkupuo, na swichi kuu ikajikata upya. Saa za kijani zote zikawa za kukatika na kurudi. Watu wakailaani kampuni, na aliyelaani kwa sauti kubwa kuliko wote mnamjua.

Baada ya wiki za namna hiyo kifaa kimoja kikubwa bandani kikaungua. Kampuni ikanunua kingine, ikachoka. Ikapeleka ombi kwa Mamlaka kwamba bei tatu zifutwe, iwekwe bei moja kutwa kucha, ili watu wasiwe na sababu ya kurundikana saa moja.

"Bei moja ya wapi?" Bi Pasi alimuuliza fundi aliyekuja kubandika tangazo la kikao cha kulijadili ombi hilo. "Ya katikati?"

"Ya katikati, Bi Pasi. Ila upande wa nyekundu."

Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kwa bei hiyo chumba chake kingebeba pasi moja na mtu mmoja. Na kana kwamba mambo yamepangana kumkomoa, jioni ile ile yule mama wa mji mwingine akampigia simu binti. Msichana aliyemchukua baada yake amemshinda, anamtaka yeye arudi, na apate jibu kabla ya wiki kuisha. Binti alijibu kwa adabu kwamba atamjulisha, akaweka simu, akaendelea kula.

"Utaenda?" Bi Pasi aliuliza.

"Sijui, mama. Tusubiri kikao." Alisema hivyo akitazama sahani, na Bi Pasi alijua mwanawe akitazama sahani maana yake ni nini. Mumewe akapunguza redio, jambo ambalo hakulifanya hata wakati wa taarifa ya habari.

Asubuhi yake Bi Pasi akajifunga kitambaa kichwani na kwenda bandani kugomba. Alikuwa amepanga maneno yake yote njiani. Fundi alimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akamfungulia mlango na kumwonyesha kipimo cha matumizi ukutani, mshale umelala karibu na sifuri.

"Umeme upo, mama. Tazama mwenyewe."

"Wa kututosha wote?"

"Wote, na unabaki. Ila si wote kwa mkupuo. Ile mashine ya Mzee Unga inapoanza inavuta mara nyingi zaidi kuliko ikishazoea mwendo. Ingeanza peke yake, wala tusingekuwa na kesi. Halafu kuna jambo moja linanishinda kabisa." Akajikuna kichwa. "Umeme ukikatika, kila mtu anaacha vitu vyake vimewashwa. Sijui ni nani aliyewaambia hivyo."

Bi Pasi akatazama viatu vyake. Akashukuru, akarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo mbili.

Alipomsimulia binti yake, yule msichana akaangua kicheko mpaka akaiweka pasi kando. "Mama, mbona ni kama fyuzi yetu? Sisi tungewasha zote mbili ingekuwaje?"

"Ingeruka."

"Na hatuwashi zote mbili. Tunapokezana."

Bi Pasi akabaki na shati mkononi. Jambo analolifanya kila siku kwa mikono yake hakuwahi kulifikiria kuwa ni la mtaa. Alimkumbatia binti yake kwa nguvu hadi akalalamika, kisha akamwambia asimwambie baba yake, atajidai ameshalisikia redioni.

Kikao kilifanyika darasani, wazee wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Afisa aliyetumwa na Mamlaka alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, asiyetabasamu ovyo lakini anayesikiliza mpaka mwisho. Kampuni ikaeleza hasara yake. Mzee Unga akaeleza ya kwake, akasema kampuni inawachezea, na watu wakapiga makofi. Bi Pasi akapiga moyo konde, akasimama.

"Kampuni haikutuchezea," alisema. "Aliyewaambia msizime ni mimi."

Kisha Cheche akaanza kucheka, na kicheko cha Cheche kinaambukiza. Hata mama wa Mamlaka alivua miwani akaifuta bila sababu. Bi Pasi alisimama pale uso ukimwaka, akangoja wachoke, halafu akawaeleza habari ya pasi mbili na fyuzi moja. Kazi kubwa zipangwe zamu ndani ya saa za kijani, alisema. Umeme ukikatika kila mtu azime, kisha zirudishwe moja moja.

"Na nani atahakikisha?" aliuliza mwakilishi wa kampuni.

Mama wa Mamlaka ndiye aliyejibu. "Si sisi. Hatuwezi kuweka askari kwenye kila swichi. Ila kazi yetu si kupandisha bei tu, ni kuona kwanza kama kuna njia nyingine. Kampuni ikiridhia, na nyinyi mkikubaliana wote, ombi hili nitalizuia kwa muda wa majaribio. Umeme ukikatika tena kwa kurundikana, nitasaini bei moja na sitasikiliza mtu."

Kampuni ikaridhia. Kukubaliana wote ndiyo ikawa shughuli. Kila mmoja aliipenda zamu mradi ya kwanza iwe yake. Cheche alidai vyuma haviwezi kusubiri, kana kwamba vingeoza. Seremala akasema na yeye ana watoto. Fundi akafafanua kwamba mashine ya kusaga ndiyo inayopaswa kuanza peke yake, wengine wote wakiwa wamezima, na hapo kelele zikazidi, kwa nini yule aliyepinga bei tatu ndiye aanze?

Bi Pasi alikuwa na majibu ya kumrarua Mzee Unga vipande vipande, na ile suti nyeusi ilikuwa imemkaa kooni. Akamtazama binti yake kwenye dawati la nyuma. Akameza.

"Mzee Unga aanze," alisema. "Afuate Cheche, na seremala. Mimi niwekeni mwisho."

Mwisho maana yake ni jua linapoanza kuinama, na wingu moja tu linaweza kukunyang'anya kijani chako. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Kelele zikapungua, maana ni vigumu kudai ya kwanza mbele ya mtu aliyechukua ya mwisho.

Mzee Unga akageuka taratibu kwenye dawati lake dogo. "Na kijani kikiisha kabla hujafika?"

"Nitakuwa nimekosa," Bi Pasi akamjibu. Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ile harusi, na hakufurahia hata moja.

Siku ya kuanza, mtaa ulikuwa na utulivu wa chumba cha mtihani. Taa zikageuka kijani na hakuna aliyegusa kitu. Mashine ya Mzee Unga ikanguruma peke yake, ikakohoa, ikashika mwendo. Umeme haukukatika. Cheche alitoka nje na kinyago chake kikiwa juu ya paji la uso, mikono kiunoni, akisubiri. Foleni ya kusaga ilikuwa ndefu siku hiyo, na zamu ya Mzee Unga ilipokwisha bado kulikuwa na watu juu ya magunia yao. Mashine ikaendelea.

Bi Pasi aliisikia kutoka dirishani. Aliona watu wakichungulia milangoni, mikono ikiwa karibu na swichi. Angeanza mmoja tu, wote wangefuata, na mama mwenye miwani angesaini. "Nilijua," alisema, na alikuwa ameshavua aproni ili aende kumwambia mtu ukweli wake.

"Mama, subiri," binti akasema.

Mngurumo ukashuka. Ukaisha. Mzee Unga akatoka mlangoni, mweupe juu hadi chini, akawaambia wateja wake kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nimemaliza zamu yangu. Mliobaki mtaanza kesho, mkikasirika kasirikeni." Akavuta kiti akakaa nje. Cheche akashusha kinyago. Bi Pasi akavaa aproni yake tena.

Zamu ikapita kwa Cheche, ikapita kwa seremala. Mawingu mawili matatu yakajitokeza juu ya uwanja, Bi Pasi akiyatazama kama anayadai. Seremala alipozima msumeno wake alipiga ubao mara mbili kwa nyundo kuwajulisha. Taa bado ilikuwa ya kijani. Binti akachomeka pasi yake, akaanza na mashati ya shule, mkono ukienda mbele na nyuma bila haraka, na mama akachukua chupa ya maji akawa ananyunyiza. Mvuke ukajaa chumbani, harufu ya nguo safi, hakuna moshi. Bi Pasi alifikiri kwamba akipewa hili tu mpaka anazeeka, hatadai kingine.

Simu ya binti ikalia juu ya meza. Wote wawili waliliona jina la yule mama wa mji mwingine. Binti hakusimamisha pasi.

"Pokea wewe, mama," alisema. "Mimi nikisimama hapa nitaunguza."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unavyoona."

Bi Pasi akaipokea simu na kuiweka sikioni. Alimtazama mwanawe akigeuza kola, akainyoosha kwa ncha ya pasi, akaendelea na shati la pili, bila kuinua macho na bila kutazama chini kwa huzuni, anatazama kazi tu. Upande wa pili wa simu yule mama aliuliza mara mbili kama binti anakuja, au vipi.

"Haji, dada," Bi Pasi akasema, na safari hii hakuwa na moshi wa kulaumu. "Yuko kazini."